Kizimba cha Mabomba ya Maji

Jumatatu, 6 Januari 2025

Daktari wa macho kaniambia ninunue daftari, kila siku niandike ninavyoona, nimpelekee nikirudi. Nimenunua kaunta buku. Muuzaji akaniuliza, "Fundi Onesmo, unaanza biashara mpya?" Nikamwambia naanza kuwa kipofu. Akacheka. Watu wa Kibirizi, hapa Kigoma, ukiwaambia ukweli wanacheka.

Basi naandika. Jicho la kulia halioni kitu tangu mwaka juzi. La kushoto linaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Pembeni ni ukungu. Ni presha ya macho. Kilichokufa hakirudi, kasema daktari, ila kilichobaki kinaweza kuokolewa kwa upasuaji kule Mwanza, kabla mvua hizi hazijaisha. Nisipokwenda, kiangazi kitanikuta nashikwa mkono. Nina miaka arobaini na saba, na kazi yangu ni kutengeneza injini za boti.

Pesa ya upasuaji na ya kukaa Mwanza sina. Nina gari.

Jumanne, 7 Januari

Jicho vilevile. Mvua.

Jumatano, 8 Januari

Nilieleze gari lenyewe, maana nimekaa nalo chini ya turubai leo mchana kutwa kama mtu anayeaga.

Ni Subaru. Nililinunua likiwa mzoga kwa mtu wa Uvinza, nikalijenga miaka sita nyuma ya karakana yangu. Nilitoa kiti cha nyuma, redio, kiyoyozi, mazulia, kila kisichosaidia kukimbia. Nikaweka turbo kubwa, breki kubwa, springi fupi, viti viwili vinavyobana mbavu na mikanda ya mabegani. Ndani nikazungusha kizimba cha mabomba, ili likipinduka paa lisimponde dereva. Halifai kwenda sokoni, harusini wala msibani. Linafaa zile siku za uwanja tu: mnakusanyika na magari yenu, mnaingia kwenye mzunguko mmoja mmoja, saa inawapima, hakuna askari wala tuta. Na uwanja wenyewe uko Morogoro. Kujenga gari la namna hii Kigoma ni sawa na kujenga meli Dodoma, najua, nimeambiwa sana.

Nimelipeleka mara mbili kwa lori. Mara ya kwanza nilishika nafasi ya tatu. Mara ya pili sikuiona bendera upande wa kulia, nikavamia matairi ya ukingoni. Ndivyo nilivyojua kuhusu jicho.

Mke wangu Merina analiita mke mwenza.

Jumanne, 14 Januari

Mtoto wetu Elia, aliyeko Dodoma, kanisaidia kutangaza picha kwenye magrupu ya simu. Simu kumi na moja leo. Wa kwanza: "Fundi, linabeba magunia mangapi?" Wa pili anataka kulifanya teksi. Wa tatu ana boti ya kubadilishana. Mmoja kaniuliza kama linafaa kubebea bibi harusi. Nikamwambia atapanda kwa kupitia dirishani.

Jicho vilevile.

Ijumaa, 17 Januari

Mvua tangu alfajiri. Hakuna simu.

Jumatano, 22 Januari

Leo nimegombana na Merina mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri.

Ziwa limepanda tena. Chanja zake za kuanikia dagaa zimesombwa, na kibanda chake cha kuhifadhia kina maji ya magoti. Mvua haikati, dagaa hawakauki. Hayo nayaelewa. Lakini nimekwenda kufunua turubai niwashe injini, nafungua mlango, harufu ikanipiga kofi. Magunia manane ya dagaa. Manane, jamani!

"Merina!"

"Abee."

"Hii nini?"

"Dagaa."

"Naona ni dagaa!"

"Mshukuru Mungu unaona."

"Merina, hili ni gari la mbio."

"Linakimbia lini? Limekaa hapa mwaka wa tatu, kavu, halivuji, halina hata kiti cha nyuma. Umelitengeneza stoo mwenyewe, Baba Elia."

"Na gunia hili la kiti cha mbele, mbona umelifunga mikanda?"

"Lilikuwa linaangukia mengine."

Nikatoka nikasimama mvuani kama mjinga. Huyu mwanamke hajawahi kuniuliza hata siku moja mwendo wa gari hili. Miaka ishirini na mbili tumekaa pamoja, na kwake ni bati tu. Magunia kayatoa lakini harufu imebaki. Nani atanunua gari linalonuka Kibirizi nzima?

Jumatatu, 3 Februari

Mnunuzi wa kweli! Ni binti. Anaitwa Ella, sauti nyembamba, akanisalimia "shikamoo baba", halafu akauliza maswali ambayo hakuna mwanamume wa grupu lile aliyeyauliza: turbo inaanza kusukuma kwenye mzunguko upi wa injini, breki za mbele zina pistoni ngapi, kizimba kimefungwa sehemu ngapi. Nikamwambia sita. "Safi," akasema. "Mama alinikataza mbio mpaka nipate gari lenye kizimba."

Baba yake ni Mzee Barutwanayo wa Kasulu, mwenye malori. Wazazi wa mzee walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, yeye kazaliwa huku. Watakuja tarehe kumi na tano. Bei hawakubishana nayo. Nimepiga hesabu ya upasuaji, inatosha na kubaki.

Merina kaja kuniletea ugali, kanikuta naimba. "Mwenzangu kapata mchumba?" akauliza. Nikamwambia kapata.

Alhamisi, 6 Februari

Jicho: mnara wa simu wa kule juu nilikuwa nauona wote. Leo nauona kipande kipande.

Nimeosha gari kutoa harufu. Niling'oa kiti cha dereva, nikafunua ule mpira wa sakafuni, chini yake maji ya dagaa yametuama. Nikasugua kwa sabuni ya unga na ndimu huku namlaani Merina. Nikiwa nasugua mguu wa kizimba nyuma ya kiti, kidole gumba kikakwaruzwa. Nikadhani ni rangi iliyobanduka. Nikapitisha tena kidole, kikaingia.

Nikaleta tochi, nikasogeza uso. Bomba limepasuka. Kutoka sakafuni hadi usawa wa bega, mshono umefunguka, ukucha unazama.

Niandike kosa langu. Kizimba hiki nilikitengeneza na Hamdani, rafiki yangu wa Ujiji, fundi wa kuchomelea, kwa namna tunavyotengeneza fremu za turubai za boti. Unachukua bomba la maji, unalijaza mchanga mkavu, unaziba ncha zote mbili kwa mti, unalipasha moto mpaka liwe jekundu, unalikunja polepole. Halibonyei, linapinda vizuri kabisa. Boti zote hapa zina fremu hizo na hakuna aliyelalamika. Lakini fremu ya boti inabeba turubai. Yenyewe kazi yake ni kuzuia jua. Kizimba cha gari kinatakiwa kibebe gari zima likiwa miguu juu, na hilo linataka bomba zito lisilo na mshono. Tulikuwa hatujui, na hatukuuliza, kwa sababu sisi ni mafundi na fundi wa Kigoma haulizi. Kugonga kule Morogoro ndiko kumelifungua. Mara mbili nimekaa chini ya kitu hiki nikijiona nimo ngomeni.

Bila dagaa wa Merina nisingefunua ule mpira. Sijamwambia.

Ijumaa, 7 Februari

Nimemwita Hamdani. Kalitazama, kakuna kidevu.

"Nipe nusu saa. Napitisha weldi juu, unasaga, unapaka rangi. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe huoni," akasema, akacheka, halafu akaona sicheki. "Onesmo, sikiliza. Ukisema, hawanunui. Wasiponunua, hufiki Mwanza. Mimi nataka nikikusalimia barabarani unijue kwa sura. Mbaya hapo iko wapi?"

Hamdani ni mtu mwema. Alinilipia matanga ya mama yangu. Anasema haya kwa kunipenda.

Amechomelea. Sitaandika kwamba alifanya peke yake, daftari hili ni langu: nilimshikia bomba. Rangi nilipaka mwenyewe.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani sikuimba. Merina kaniuliza kama koo linauma. Nikasema ndiyo.

Jumanne, 11 Februari

Mvua. Jicho baya kidogo. Nilitaka kumpigia Ella, sikupiga.

Jumamosi, 15 Februari

Wamekuja saa mbili asubuhi. Mzee Barutwanayo ni mrefu, mpole, anashika kofia mkononi anapoongea. Ella ana miaka ishirini na minne, mdogo wa mwili, sweta la shule linamtosha bado. Akalizunguka gari, akafungua mlango, akanusa.

"Dagaa," akasema.

Merina, aliyekuwa mlangoni na chai, akasema, "Ni wangu, mwanangu. Mnisamehe."

"Mama yangu naye anauza dagaa Kasulu," akasema Ella. "Nitajisikia nyumbani." Hapo wote tukacheka, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Tukaenda kwenye kile kipande cha lami mpya nje ya mji, ambacho hakijafunguliwa. Nilikaa naye, mzee akabaki pembeni na mwavuli. Nilidhani ni mtoto wa tajiri anayetaka makelele. Jamani! Alianza taratibu, akalisikiliza gari, akalijaribu breki mara tatu bila pupa. Halafu akalifungulia. Kwenye kona aliachia mafuta mapema kuliko ninavyoachia mimi, akaweka pua ya gari ndani ya kona, akatoka amenyooka. Sijawahi kukaa upande huu wa gari langu. Sikuwahi kujua linaendeshwa hivi.

Tuliposimama alikuwa anacheka peke yake. Akanyoosha mkono nyuma, akaushika ule mguu wa kizimba nyuma ya bega lake, mahali penye rangi mpya, akapapigapiga kama unavyompiga ng'ombe mgongoni.

"Na hiki ndicho kitamfanya mama alale," akasema.

Nikasema, "Usikiamini hicho."

"Nini?"

"Hicho kizimba ni bomba la maji. Limepasuka. Tumelichomelea juu wiki iliyopita nikapaka rangi ili usione. Ukipinduka nalo litakuua."

Kicheko kikamtoka usoni. Hakupiga kelele. Akafungua mikanda, akashuka, akaenda kwa baba yake, wakaongea Kirundi. Sikusikia maneno ila nilisikia sauti ya mzee ikipanda. Akaja mpaka dirishani, kofia mkononi bado.

"Fundi. Mimi nina mtoto mmoja tu."

"Nisamehe, mzee wangu."

"Ulipaka rangi?"

"Nilipaka."

Akanitazama sana. Wakaondoka. Gari nimelirudisha mwenyewe, gia ya kwanza na ya pili, kwa kuona barabara kipande kipande, na niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu.

Jumapili, 16 Februari

Nimemweleza Merina kila kitu, kuanzia ufa mpaka rangi. Alisikiliza huku anachambua mchele. Akauliza, "Kwa hiyo hakuna Mwanza?" Nikasema hakuna. Akainuka akaenda zake. 

Jumatatu, 17 Februari

Merina hasemi nami.

Jumanne, 18 Februari

Leo nimerudi kutoka mwaloni, kwenye boti, nikakuta kamba nene ya nyavu imefungwa kwenye mwimo wa mlango, imepita kiunoni mwa mti wa mpapai, imefika hadi mlango wa karakana, imekazwa sawasawa. Nyingine imetoka mlangoni hadi chooni.

"Hizi kamba za nini?"

"Za kushika," akasema Merina. "Anza kuzizoea wakati bado unaona kidogo. Injini unazijua kwa vidole, hilo sina wasiwasi. Shida ni kufika."

Nikamuuliza kama ana hasira.

"Ninayo. Ya ile rangi. Siku tisa unakula chakula changu na ile rangi iko mikononi mwako. Ya kusema ukweli sina hasira nayo, Baba Elia. Haya, shika kamba twende, funga macho."

Tulienda na kurudi mara sita. Mara ya nne nilijikwaa kwenye kuku, akacheka mpaka akakaa chini. Nimempenda huyu mwanamke miaka ishirini na mbili, na leo ndiyo nimemfahamu.

Jumapili, 23 Februari

Mnara siuoni. Nyumba zilizo chini yake naziona.

Jumatano, 26 Februari

Mtu wa Katonga anataka injini peke yake, aifunge kwenye boti. Kesho nitamjibu. Merina kasema tusubiri. Tusubiri nini? 

Alhamisi, 6 Machi

Saa nne asubuhi lori la Barutwanayo limesimama mlangoni. Nilisikia breki za upepo, nikajua ni polisi au ni yeye. Akashuka Ella, na mzee nyuma yake. Juu ya lori, mabomba. Nikayapapasa: mazito, laini ndani, hayana mshono.

"Amahoro, fundi," akanisalimia mzee kwa Kirundi. Akazungusha kofia. "Nilikwenda kutazama magari mengine matatu. Kila mwenye gari aliniambia gari lake halina tatizo lolote. Matatu yote, hayana tatizo! Usiku silali, nafikiri, nani kati ya hawa ananificha? Wewe nakujua ulichoficha."

"Mzee—"

"Sijamaliza. Ile rangi sijaisamehe. Lakini kizimba utakitoa na kuweka kipya, mbele ya macho yangu, na mwanangu atakuwepo kila siku. Utamwonyesha kila unachofanya. Nitakulipa bei ile ile."

Nikarudi kuyapapasa yale mabomba. Merina akasema asante kwa niaba yangu, halafu akawauliza kama wanakula samaki wa migebuka.

Ijumaa, 14 Machi

Wiki nzima kazi. Kizimba cha zamani kimetoka vipande vipande. Hamdani amekuja kila siku na kiu yake ya mfungo wa Ramadhani, hajanywa hata tone, anachomelea kwenye joto lile la moto. Siku ya kwanza alimwambia Ella, "Binti, ile weldi ya kufunika ni yangu. Onesmo hakukutajia jina langu, nalitaja mwenyewe." Ella akamwambia, "Basi hii mpya iwe nzuri zaidi." Na ni nzuri. Mabomba tumeyakunja kwa mashine ya kukodi, bila mchanga. Ella amesoma vipimo kwa sauti, mimi nimepima kwa vidole, mzee amekaa kwenye ndoo anatazama kama mwamuzi.

Jicho sijaliandika kwa sababu naliogopa.

Jumamosi, 22 Machi

Limeondoka. Ella kaliendesha mwenyewe kupanda juu ya lori. Merina alikwenda akalishika boneti kwa kiganja. "Nenda, mke mwenza," akasema, na sauti ilikuwa ya kulia.

Jumatano, 26 Machi

Kesho basi la Mwanza. Uso wa Merina nauona wote nikiwa karibu. Nimeutazama vya kutosha, likitokea lolote.

Jumamosi, 5 Aprili. Mwanza

Mkono ni wa Merina, maneno ni yangu. (Na ya kwangu nitayaweka kwenye mabano nikiona anapunguza.)

Jana wamenipasua. Leo asubuhi daktari alifunua jicho dakika moja, akanionyesha vidole, nikasema viwili, na vilikuwa viwili. Presha imeshuka. (Nilipiga vigelegele wodini, wakanitoa nje.) Kisha akalifunika mpaka Jumatatu. Kwa hiyo niko gizani kabisa, na leo ndiyo siku ya uwanja kule Morogoro, Ella yuko huko na gari.

Saa kumi na moja jioni simu ya Merina ikalia ujumbe. Ni video kutoka kwa Mzee Barutwanayo, bila neno hata moja. Nikamwambia anisomee.

"Video haisomwi."

"Basi niambie unachokiona."

"Naona gari letu. Lina namba saba ubavuni. Linaondoka. Mungu wangu, ndivyo linavyokimbia hivi? Baba Elia, ulikuwa unakimbia hivi?"

"Endelea."

"Anakwenda, anakwenda, kuna kona, amepunguza, amekata. Ametoka amenyooka. Watu wanapiga makofi. Kona nyingine. Barabara ina maji, kumenyesha. Anaingia..." Hapo akapiga yowe. "Limeteleza! Limetoka nje! Yesu, limepinduka! Linapinduka tena!"

Nilikaa kitandani wima. "Limesimama vipi?"

"Miguu juu. Moshi. Watu wanakimbia. Simu inatikisika, sioni."

"Paa, Merina. Tazama paa!"

"Paa lipo. Halijabonyea, lipo vilevile, limesimama juu ya yale mabomba. Hatoki. Baba Elia, hatoki."

Nikamshika mkono. Tukangoja, na ile simu ilikuwa inatoa sauti za upepo tu.

"Mlango," akasema. "Mlango unafunguka. Mkono. Anatoka! Anatambaa, anatoka mwenyewe, amesimama. Anavua kofia ngumu. Anacheka, huyu mtoto mpumbavu, anacheka! Baba yake ndiye huyo anamkimbilia, kofia imemwanguka."

Nikalia. Nesi akaja mbio: "Baba, marufuku kulia, utaharibu kazi ya daktari!" (Nikamwambia amwache. Nami nilikuwa nalia, hilo hakunituma niandike.)

Nikamwambia Merina airudie. Tumeirudia mara nne, anaisimulia upya kila mara, na kila mara tunaogopa mpaka mlango ufunguke.